Baiskeli ya shule na bei isiyoandikwa dukani

Alfajiri, kabla jua halijachomoza, barabara za vumbi zinazoingia Nachingwea mjini husikika kabla hazijaonekana. Kwanza ni mlio wa cheni iliyokauka oili, kisha kengele, kisha pumzi za mtu anayepanda mwinuko akiwa na gunia kwenye karia. Wanafunzi huja wawili wawili, mmoja akikanyaga pedeli na mwenzake amekaa nyuma, sketi ameikusanya isije ikanaswa na spoku. Msimu wa korosho ukifika, kuanzia Oktoba, huchanganyika na wakulima wanaosukuma magunia kuelekea ghala la chama cha msingi, na njia nzima inakuwa ya magurudumu mawili.

Huku kusini mwa Mkoa wa Lindi baiskeli si ya kujifurahisha tu. Nachingwea na jirani yake Ruangwa ni wilaya za vijiji vilivyoachana mbali, na mtoto aliyefaulu darasa la saba anaweza kujikuta sekondari yake iko kilomita 10 kutoka nyumbani. Ada ilifutwa hadi kidato cha nne kuanzia Januari 2016, na wazazi wengi walipumua. Lakini njia ya kwenda shule haikufupishwa. Kwa hiyo mzazi huuza ufuta au mbaazi, huenda dukani, huchagua baiskeli, humpiga mtoto picha akiwa ameishika usukani, na hurudi nyumbani akiamini kazi imekwisha.

Ndiyo kwanza ameanza kulipa.

Hesabu ya njia yenyewe inashangaza ukiikalia chini. Kilomita 10 kwenda na 10 kurudi ni 20 kwa siku. Mwaka wa masomo una siku 194. Hizo ni kilomita 3,880 kwa mwaka mmoja, zaidi ya mara tatu ya safari ya kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza. Gari likitembea umbali huo, mwenye nalo hulipeleka kwa fundi bila kuambiwa. Baiskeli ya mwanafunzi inatarajiwa iende tu.

Nachingwea penyewe pana kumbukumbu ya hesabu za namna hii. Ipo kata inayoitwa Stesheni, na mgeni akiuliza treni inapita saa ngapi watu humcheka. Treni haipo. Mwaka 1947 Waingereza walianza mpango mkubwa wa kulima karanga Tanganyika, wakachagua Kongwa, Urambo na Nachingwea. Kwa ajili ya mashamba ya Nachingwea ilijengwa reli kutoka pwani, na Mtwara ikapata bandari. Matrekta yaliletwa kwa meli, mengi yakiwa yametumika tayari, na yakaharibika kwa kasi ambayo spea na mafundi hawakuimudu, hasa kule Kongwa. Ardhi ngumu na mvua zisizotabirika zikamalizia. Mwanzoni mwa 1951 mpango ukaachwa, na pauni zipatazo milioni 36 zikawa zimekwenda. Reli nayo iling'olewa miaka ya 1960. Waliokaa ofisini London walijua bei ya trekta. Bei ya kulifanya trekta litembee kila siku, mwaka mzima, hawakuijua vizuri.

Sasa turudi kwenye baiskeli na adui yake wa kwanza, ambaye ni mdogo kuliko punje ya mbaazi. Kila aliyekanyaga mbigili peku anamfahamu. Ni mmea unaotambaa chini, una maua madogo ya njano, hauna makuu. Mvua zikikatika unakauka na kuachia mbegu zenye pembe kali, na pembe hizo zimekaa kwa namna ambayo mbegu ikianguka vyovyote, moja lazima itazame juu. Kuanzia Juni hadi mvua zirudi, mbigili husambaa kando ya njia za miguu, na ndizo njia ambazo wanafunzi hukatiza ili kupunguza mwendo. Kuna pia miiba ya migunga iliyokatwa kuzungushia bustani, ikaburuzwa barabarani na kuacha vipande. Na kuna chupa zilizopasuka karibu na vilabu vya pombe, ambazo hakuna wa kumlaumu ila watu wazima.

Matokeo ya yote hayo hukutwa kwa fundi.

Kijiwe cha fundi baiskeli hakihitaji kibao. Ni mwembe au mkorosho wenye kivuli, benchi, beseni la maji yaliyogeuka rangi, pampu ya miguu miwili, na tairi chakavu zilizotundikwa tawini. Tyubu hutolewa kwa mpini wa kijiko, hujazwa upepo, huzamishwa majini na kuzungushwa polepole mpaka vijipovu vitoke. Hapo fundi huweka kidole, hukausha, hukwangua kwa msasa, hupaka solusheni, husubiri, hubandika. Mwenye vifaa zaidi huchoma kiraka kwa moto, akiwasha mafuta ndani ya pistoni kuukuu iliyobanwa juu ya tyubu. Kiraka cha moto hudumu kuliko cha solusheni, kwa sababu raba mbili huyeyukiana zikawa moja.

Mazungumzo ya hapo nayo hufanana siku zote.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Leo tena?"

"Leo tena babu. Ya nyuma."

"Baba amesemaje kuhusu tairi?"

"Amesema tusubiri ufuta."

Fundi hucheka kidogo, kwa sababu anajua tairi hilo la nje limekwisha mpaka nyuzi zinaonekana. Kuziba tyubu ndani ya tairi la namna hiyo ni kupiga deki huku mvua inavuja. Lakini kiraka ni pesa ndogo na tairi ni pesa kubwa, na nyumba nyingi hulipa pesa ndogo bila kuihesabu na kuahirisha pesa kubwa mpaka mavuno. Kiraka kikiwa shilingi 1,000, na baiskeli ikitoboka mara moja tu kwa wiki, mwaka wa masomo una wiki takribani 39. Hizo ni shilingi 39,000. Ikitoboka mara mbili ni 78,000. Mzazi aulize bei ya tairi jipya dukani kwao kisha alinganishe mwenyewe.

Gharama hii haikufichwa na mtu. Imekatwa vipande vidogo vidogo, na kila kipande kikawekwa kwenye mfuko wa mtoto. Baba haioni kwa sababu haitoki kwake kwa mkupuo. Mama huiona nusu, anapoombwa mia tano asubuhi akiwa anakoroga uji. Na siku mama akisema hana, mtoto mwingi haombi tena. Huegemeza baiskeli ukutani na kutembea, au habanduki nyumbani kabisa, au hufanya jambo la tatu ambalo wazazi wa huku hulizungumza kwa sauti ya chini.

Jambo la tatu ni lifti. Dereva wa bodaboda anayempita binti wa kidato cha pili akisukuma baiskeli iliyoisha upepo, jua likiwa kali, si lazima awe mtu mbaya. Wengine ni kaka na wajomba wa kijijini. Lakini lifti ya kila siku ina deni, na viongozi, walimu na wazazi kote nchini wamekuwa wakionya kwa miaka kwamba mimba nyingi za wanafunzi huanzia kwenye usafiri wa bure. Binti akilaumiwa kwa kupanda pikipiki, ni haki pia kuulizwa tyubu yake ilikuwa imepasuka tangu lini.

Ndiyo maana habari za tairi zisizo na tyubu zimewavutia wazazi wengi. Bodaboda wenye rimu za kumimina, zisizo na spoku, wengi hutumia tairi za tyubulesi, na mwanafunzi huona kwa macho yake: msumari umeingia, dereva anauchomoa, anasukuma kamba yenye gundi kwenye tundu, anajaza upepo, anaondoka. Hakuna beseni. Baiskeli za michezo za mtumba nazo zimeanza kuonekana mitaani, nyingine zikiwa na rimu zilizoandaliwa kwa tairi kama hizo. Vijana wanaopenda mbio huzisifia sana. Swali la nyumbani huja lenyewe: kwa nini ya mtoto isiwe hivyo?

Jibu lina historia, na historia yenyewe inaanza na mzazi. Mwaka 1887 huko Belfast, daktari wa mifugo aliyeitwa John Boyd Dunlop alimwona mwanawe akitaabika na baiskeli yake ya magurudumu matatu yenye mpira mgumu. Akatengeneza bomba la raba, akalijaza upepo, akalifunga kwenye gurudumu kwa kitambaa. Mtoto akaenda kwa raha, na mwaka uliofuata Dunlop akapata hataza. Ila tairi hilo liligandishwa kwenye rimu. Likitoboka, mtu angeweza kupoteza saa kadhaa kulibandua, kuliziba na kulisubiri likauke. Ndugu wawili wa familia ya Michelin, Ufaransa, waliona shida hiyo kiwandani kwao Clermont-Ferrand walipoletewa baiskeli moja yenye pancha, na kufikia 1891 walikuwa na tairi la kuvuliwa na kuvishwa upya barabarani. Mwaka huohuo Charles Terront alilitumia akashinda mbio za Paris hadi Brest na kurudi.

Kwa maneno mengine, Dunlop aliondoa mtikisiko, na Michelin akaondoa kungoja. Tyubu anayoizamisha fundi wa Nachingwea kwenye beseni ni mjukuu wa wazo hilo la pili.

Tyubulesi ya baiskeli ni changa zaidi. Mwaka 1999 Mavic, Michelin na Hutchinson, zote za Ufaransa, zilileta mfumo wa rimu na tairi zinazobanana bila kuvuja. Baadaye ikazoeleka kumimina ndani dawa ya maji ya utomvu wa mpira. Mwiba ukitoboa, upepo unaisukuma dawa kwenye tundu, inaganda, safari inaendelea. Kwa mbigili, ambazo hutoboa vitundu vidogo vingi, ni dawa nzuri kwelikweli. Hilo lisemwe bila husuda.

Lakini dawa hiyo hukauka. Ndani ya miezi michache inakuwa ute mkavu usio na kazi, na joto huiharakisha, na joto la Novemba huku kila mtu analijua. Inatakiwa iongezwe, na duka la kijijini halina. Rimu nayo lazima iwe imezibwa kwa utepe maalumu ili upepo usitokee kwenye matundu ya spoku. Tairi likishabanduka kwenye rimu, kulirudisha kunahitaji upepo mwingi kwa mpigo mmoja, na pampu ya mkono mara nyingi haitoshi. Inabidi kutafuta mashine ya upepo, ambayo iko mjini. Tairi likichanwa na chupa, dawa haizibi, na mpanda baiskeli anayejua mambo huwa amebeba nini mfukoni? Tyubu ya akiba.

Kwa kijana anayeishi mjini, karibu na kompresa, mwenye kipato chake, hakuna ubaya. Kwa mtoto anayetoka kijiji kisicho na duka la spea, tairi bora ni lile ambalo mtu wa karibu anaweza kulitengeneza kabla kengele ya shule haijalia. Kuna na hasara nyingine ndogo, ya pembeni kidogo: nyumba isiyo na tyubu kuukuu haina mpira wa kufungia mzigo kwenye karia, na watoto hawana raba ya manati.

Mafundi wa vijijini, bila kusoma habari za Ufaransa, wana ufumbuzi wao. Huchukua tairi kuukuu, hulikata kingo zenye waya, na kulilaza ndani ya tairi jipya, kati yake na tyubu. Baiskeli inakuwa nzito kidogo. Mbigili haifiki ndani. Watoto hulalamika wiki ya kwanza, halafu huzoea.

Barabara ya kwenda Ruangwa inafundisha somo jingine. Zamani safari ya kutoka Nanganga, kwenye barabara kuu ya Mingoyo na Masasi, hadi Ruangwa ilikuwa ya vumbi jekundu na matope kwa zamu. Sasa lami imefika, na pamoja nayo mwendo wa magari. Mji umekua, mashabiki wa Namungo FC hujaa Uwanja wa Majaliwa siku za ligi, na madini ya kinywe yameleta wageni. Mtu angedhani lami imemaliza pancha. Kwa gari, karibu. Kwa baiskeli, mambo ni tofauti, maana mtoto hapandi katikati ya lami. Hupanda ukingoni, na ukingoni ndipo upepo wa magari unapokusanya vipande vya vioo, misumari na waya za tairi zilizopasuka. Juu ya hapo, kwenye lami yenye mteremko baiskeli inakwenda kasi ambayo njia ya mchanga haikuruhusu, na raba za breki zilizokwisha, ambazo zamani zilikuwa aibu tu, sasa ni hatari. Raba za breki ni miongoni mwa spea za bei ndogo dukani. Ndizo pia zinazosahaulika kuliko zote.

Kuna kitu kimoja ambacho familia zenye uzoefu hukifanya, na ukipita uani kwao utakiona kimetundikwa kwenye msumari: gurudumu la nyuma la akiba. La nyuma, kwa sababu ndilo linalobeba mwenzake, begi na gunia la mahindi siku ya Jumamosi, na ndilo linalokatika spoku. Spoku moja ikikatika na isibadilishwe, jirani zake huvutwa, rimu inapinda, na kusuka rimu upya ni kazi inayoweza kumchukua fundi siku nzima. Gurudumu hilo la ukutani mara nyingi limetoka kwenye baiskeli ya babu ambayo fremu yake ilivunjika. Limewekwa tairi, tyubu na upepo. Asubuhi ya balaa, baba hufungua nati mbili kwa spana, hulegeza cheni, huvisha, na mtoto anaondoka amechelewa dakika kumi badala ya siku mbili.

Linalowaponza wengi ni saizi. Baiskeli kubwa za kizamani, za aina ya Phoenix, hutumia rimu ya 28. Nyingi za gia za mtumba hutumia 26. Hazibadilishani, wala tairi zake, na baiskeli ya gia ina meno mengi nyuma ambayo cheni pana ya Phoenix haiyataki. Nyumba yenye watoto wawili ikinunua baiskeli mbili za saizi moja, spea moja huhudumia wote. Ikinunua moja ya 28 kwa sababu ni imara na moja ya 26 kwa sababu inapendeza, imejinunulia gharama maradufu bila kujua.

Halafu kuna pancha zisizo pancha. Valvu za kizamani zina kimpira chembamba kinachokauka na kupasuka, na tairi hulala kila usiku ingawa tyubu ni nzima. Mtoto anaweza kulipia kuzibwa tyubu isiyo na tundu. Kuipima ni rahisi: tone la mate au maji mdomoni mwa valvu, kikitoka kipovu, ugonjwa ni pale. Vilevile, kabla tyubu haijarudishwa, mtu apitishe kidole taratibu ndani ya tairi mzunguko mzima, kwa kitambaa ikibidi. Mwiba uliotoboa jana mara nyingi bado umo.

Nchini Zambia watafiti waliwahi kupima jambo hili kwa wasichana wa vijijini wanaoishi mbali na shule. Waliopewa baiskeli walipunguza muda wa safari kwa asilimia 35, na utoro ulipungua kwa asilimia 27. Sehemu ya kuvutia iko pembeni kidogo. Baadhi ya familia zilitakiwa kuchangia kiasi kidogo kwa ajili ya spea. Ni kwenye kundi hilo la wachangiaji ambako wasichana walionekana kuwa na matarajio makubwa zaidi ya maisha, na kutamani zaidi kuchelewesha ndoa na uzazi. Pesa ya tyubu ilipowekwa mezani mapema, ikajulikana ni ya mzazi.

Nachingwea na Ruangwa hazihitaji mradi kwa hilo. Zinahitaji kopo. Wapo wazazi ambao ufuta ukiuzwa hutenga kwanza tairi moja, tyubu mbili, solusheni, msasa na pampu, ndipo wanahesabu kilichobaki. Solusheni hununuliwa ndogo, kwa sababu ikishafunguliwa hukauka. Na pampu inabaki nyumbani. Pampu ya kuazima kwa jirani ina kauli zake.

Kuna pia suala la nani anafundishwa. Katika nyumba nyingi kijana wa kiume hufahamu kuvua tairi akiwa na miaka kumi, kwa kukaa tu kijiweni, na dada yake anayepanda baiskeli hiyohiyo hafahamu, kwa sababu kijiwe si mahali alipozoea kuachwa akae. Akipata pancha kilomita sita kutoka popote, yeye ndiye anayehitaji zaidi kujua. Kazi yenyewe haizidi nusu saa kwa anayejifunza na robo saa kwa aliyezoea. Inaweza kufundishwa uani Jumapili jioni, kwa vijiko viwili vya jikoni.

Mafundi wengi wa vijijini huweka daftari la madeni. Ni daftari la shule la kawaida, limechafuka oili, na humo wanafunzi huandikwa kwa jina moja na kiasi. Watoto hawasemi nyumbani, fundi naye hamwambii mzazi, maana mteja ni mteja. Mara mojamoja baba anayepita kununua nati husimama kuongea, na fundi akiwa ameinama kwenye rimu humwonyesha kwa kidevu lilipo daftari juu ya benchi. Baba hulifungua. Hufuatisha kwa kidole, ukurasa wa kwanza, wa pili, jina la binti yake likijirudia kila baada ya mistari michache, mia tano, elfu, mia tano, tangu Februari.

"Hizi zote ni za kwake?"

"Zote kaka. Ila usimgombeze."

Baba hujumlisha kimya kimya, midomo ikitikisika. Kisha huinua macho kwenye tawi la mwembe, zilipotundikwa tairi mpya mbili bado zina karatasi, na kuuliza ile ya 28 ni kiasi gani.